Land Cruiser Zinazostahili Jina: Mwongozo wa Kuchagua Modeli za Fahari

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, tangu miaka ya uhuru, gari la kifahari lilimaanisha saluni ya Mercedes-Benz, kiasi kwamba wakubwa waliolipanda wakabandikwa jina la Wabenzi. Katika Mulongwe na sehemu nyingine za Uvira, nchini Kongo, ambako mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na ambako barabara ya taifa namba 5 huelekea kusini kupitia Makobola, Mboko na Swima hadi Baraka ikikatizwa na mito ishukayo kwa kasi kutoka milimani, saluni iliyo karibu na ardhi haikuweza kushika cheo hicho kwa muda mrefu. Kilishikwa na Toyota Land Cruiser, ambayo wakazi wengi huiita jeep kama waitavyo magari yote marefu ya namna yake, na ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa gari la daktari na la padri, la mfanyabiashara na la kamanda. Mwongozo huu unahusu modeli za zamani za gari hilo, na msimamo wake ni kwamba modeli ya fahari ni ile ambayo ndani yake kazi na starehe hazijatengana bado. Pale zilipotengana, ukoo huu ulizaa punda wa mizigo kwa upande mmoja na kiti cha enzi kwa upande mwingine, na vyote viwili vina wanunuzi wake, lakini havina hadhi ileile.

Suala la hadhi lilikuwepo tangu mwanzo. Gari la kwanza, lililoitwa Toyota Jeep BJ, lilitengenezwa mwaka 1951, na mwezi Julai wa mwaka huo dereva wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji. Kwa kuwa jina Jeep lilikuwa mali ya kampuni ya Willys ya Marekani, mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi Hanji Umehara alilibatiza upya Land Cruiser, akitaka jina lisilozidiwa heshima na Land Rover ya Waingereza. Gari lilikuwa bado la chuma kitupu, lisilo na starehe yoyote ya kutajwa, lakini jina lilikwisha kutangulia.

Anayetaka kuchagua hana budi kujua kwanza kusoma alama za modeli, kwa maana wauzaji wengi hutaja jina la jumla na kunyamaza. Herufi za mwanzo hutaja injini: F ni injini ya petroli yenye silinda sita, B ni ya dizeli (mazutu, kwa lugha ya Wakongo) yenye silinda nne, H ni ya dizeli yenye silinda sita, na HZ ni mrithi wake. Herufi J inayofuata ni alama ya ukoo wenyewe, na tarakimu hutaja kizazi pamoja na urefu wa bodi. Hivyo BJ40 ni gari fupi la kizazi cha 40 lenye dizeli ndogo, na HZJ75 ni gari refu la kizazi cha 70 lenye injini 1HZ. Mtu aliyezizoea alama hizi hataambiwa kwamba HJ61 na HJ60 ni kitu kimoja akakubali.

Kizazi cha 40, kilichoundwa kuanzia 1960 hadi 1984, ndicho kinachotamaniwa zaidi na wakusanyaji wa Marekani, hasa FJ40 ya petroli. Hapa ladha ya wakusanyaji inafaa kupokelewa kwa tahadhari. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,285 tu, na kwa kuwa chini kuna springi za majani, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, abiria hurushwa kila jiwe linapokanyagwa. Kwa mwambao wa Tanganyika, BJ40 iliyoanza mwaka 1974 ina haki zaidi ya kuitwa modeli bora ya kizazi chake, kwa kuwa dizeli yake ya sentimita za ujazo 2,977 ni pole lakini ni mvumilivu, na haina mfumo wa cheche wa kulowa maji mtoni. Brazil iliendelea kuunda jamaa yake, Bandeirante, hadi 2001, na kwa miaka mingi gari hilo lilitumia injini ya Mercedes-Benz, jambo ambalo Wabenzi wa zamani wangelichekelea.

Kilele cha ukoo huu, kwa kipimo kilichotajwa, ni kizazi cha 60, kilichodumu kuanzia 1980 hadi 1990. Umbali kati ya ekseli zake uliongezwa hadi milimita 2,730, kwa hiyo mwili wa gari hauinuki na kushuka kwa ghafla kama ule wa 40. Viti vikawa vya kukaliwa safari nzima, na milango minne ikawapa abiria wa nyuma heshima yao. Chini ya starehe hiyo, hata hivyo, hakuna kilicholegezwa: chasisi ni fremu kamili ya ngazi, yaani boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa boriti za kukingama, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti; ekseli zote mbili ni za kipande kimoja kigumu, na springi za majani zimebaki mbele na nyuma. HJ60 ilipewa injini 2H ya sentimita za ujazo 3,980, isiyo na taabo (turbo), ambayo shafti yake ya vali huzungushwa kwa gia za chuma badala ya mkanda wa mpira, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika ghafla njiani kati ya Swima na Baraka. HJ61, iliyofuata mwaka 1985, ilichukua 12H-T, injini ya ukubwa uleule iliyoongezewa taabo na kupulizia dizeli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina nguvu zaidi milimani na hunywa kwa kiasi, na kwa wengi ndiyo ya kutafutwa. Palipo na karakana za kawaida tu, lakini, HJ60 ya taa mbili za mviringo inastahili kutangulizwa, kwa sababu uzembe wa matengenezo ambao 12H-T huulipiza, 2H huuvumilia.

Kizazi cha 70, kilichozaliwa Novemba 1984 na kinachoundwa hadi leo, ni tawi la kazi. HZJ75 ya mwaka 1990 ilileta 1HZ ya sentimita za ujazo 4,164, na mwaka 1999 ikarithiwa na HZJ78 iliyowekewa springi za koili mbele. Hii ndiyo hardtop nyeupe ya mashirika ya misaada, ile ambayo ikiwa na bomba la kuvutia hewa juu ya paa Watanzania huiita mkonga. Mwezi Machi 2021 gari la 78 lililofungwa jokofu la lita 396 liliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kubebea chanjo. Kwa umuhimu wake katika maisha ya watu, hakuna modeli inayoifikia. Kwa starehe, abiria waliokaa ubavuni kwenye benchi wakitazamana magoti wanajua jibu. Mnunuzi akumbuke pia kwamba 1HZ, tofauti na 2H, hutumia mkanda wa mpira ambao lazima ubadilishwe kwa ratiba.

Kizazi cha 80, cha miaka ya 1990 hadi 1997, ndicho cha mwisho kuingia katika orodha. Kilikuwa na springi za koili kwenye magurudumu yote manne huku kikibaki na ekseli ngumu, na ulaini wake barabarani haujapitwa kwa mbali na magari yaliyofuata. Dosari moja inajulikana: injini 1HD-T ya miaka ya mwanzo ililaumiwa kwa beringi za krenki zinazolika mapema, na asiyeonyeshwa uthibitisho kwamba zilibadilishwa apunguze bei au aondoke. Kizazi cha 100 kiliachana na ekseli ngumu mbele, isipokuwa katika 105, na kizazi cha 200 kikawa na injini za V8 na kompyuta nyingi. Ni magari mazuri ya kupokelea wageni.

Baada ya modeli kuchaguliwa hubaki kazi ngumu zaidi, ya kulihukumu gari moja moja. Namba ya chasisi imegongwa kwenye boriti ya kulia, sehemu ya mbele karibu na gurudumu, na ni lazima ilingane na kibati kilichomo kwenye chumba cha injini. Tarakimu zilizopinda mstari, au chuma kilichosagwa na kupakwa rangi pahali hapo peke yake, ni sababu ya kutosha ya kukataa. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara wakati Tanzania, Uganda na Zambia huendesha kushoto, kwa hiyo gari linalouzwa Uvira huenda likawa limehamishiwa usukani. Vaipa husema ukweli haraka: zikifagia vizuri kioo cha upande wa abiria na kuacha pembe chafu mbele ya dereva, usukani ulihamishwa kwa njia ya mkato. Uthibitisho hutafutwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, ambako tundu la zamani huzibwa kwa bati, na kwenye chasisi inaposhika boksi la usukani, ambako alama mpya ya kuchomelea haina udhuru.

Maji ni jambo lisilopaswa kupuuzwa. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba na matope hadi katikati ya mji, na ziwa nalo limepanda mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Gari lililozama huoshwa likang'aa, lakini tope laini hubaki kwenye reli za viti, ndani ya taa, chini ya milango na ndani ya boriti za chasisi, ambako kidole kilichopitishwa kwenye tundu la kutolea maji hurudi na ushahidi. Oili ya difu iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Kwa bodi, hasa ya 60, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ipitishwe juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na kando ya mfereji wa paa, kwani mahali isiponasa pamejazwa puti juu ya kutu.

Injini isikilizwe ikiwa baridi. Mwenye gari aliyeipasha moto kabla ya mgeni kufika ana anachokificha. Kifuniko cha oili kikifunguliwa wakati inanguruma taratibu, mvuke mwepesi ni wa kawaida kwa mashine ya umri huo, ila moshi unaotoka kwa pumzi za kufuatana ni dalili kwamba pete za pistoni zimekwisha. HJ61 iliyotoka Japani huwa na umeme wa volti 24, na fundi asiyejua hilo akifunga vifaa vya umeme vya volti 12 huviunguza siku hiyohiyo.

Kuhusu uhalisi, mkusanyaji wa Ulaya hudai kila bolti iwe ya kiwandani, dai ambalo kwenye mwambao huu ni la kitoto. Springi zilizoongezwa tabaka, redieta iliyoshonwa upya, hata giaboksi iliyotoka kwenye gari lingine la kizazi kilekile, havishushi hadhi mradi kazi ni safi na kipuri ni cha ukoo. Kinachoishusha ni chasisi iliyokatwa na kuungwa, na injini ya gari dogo iliyochomekwa mahali pa 2H ili kubana mafuta.