Kitufe Kisichobonyea

Ukipata iPhone 7, simu iliyotoka mwaka 2016, izime kabisa halafu bonyeza kile kitufe cha duara chini ya kioo. Hakibonyei hata kidogo. Iwashe, ubonyeze tena: sasa utaapa kwamba kimezama na kurudi. Wala hakikusogea. Simu imehisi uzito wa kidole, ikatoa mtetemo mfupi mno, na mtetemo huo umekifikia kidole wakati uleule kilipotarajia kubofya.

Kazi ya namna hii inataka kutazamwa taratibu. Simu za zamani zilitetemeshwa na mota ndogo yenye uzani uliofungwa upande mmoja wa mhimili. Mota ikizunguka, simu nzima inatikisika. Kwa kumshtua mwenye simu mfukoni, hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba mota huchelewa kushika kasi na huchelewa kutulia, kwa hiyo kila mguso huacha mngurumo nyuma yake. Kifaa cha ndani ya iPhone 7 hakizunguki. Kina uzani ulioshikwa na springi, pamoja na sumaku na koili. Umeme ukipita kwenye koili, uzani unasukumwa huku na huku. Mafundi wa mitetemo hii hawangoji itulie yenyewe. Umeme unageuzwa, ukaukabili mwendo wa uzani na kuukata, kama mzazi anavyoizuia bembea kwa kiganja. Kuanzisha mtetemo si kazi kubwa. Mimi ninachostaajabia ni kuusimamisha kwa wakati.

Na mafundi hawa wanaijua ngozi. Ndani ya ncha ya kidole mna vipokezi vyenye jina la Filippo Pacini, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 19. Huhisi vizuri zaidi mitetemo ya takriban mara 200 hadi 300 kwa sekunde, hata ikiwa midogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Anayelijua hilo hahitaji nguvu nyingi.

Panga saa ya kengele kwenye simu hiyo kwa kuzungusha gurudumu la namba kwenye kioo: kila namba inapopita, kidole kinapata mguso mwepesi, utadhani gurudumu lina meno. Au lipa dukani kwa kuisogeza simu kwenye mashine. Simu ikishatuma malipo, inagonga, na mteja ameshajua kabla hajasoma neno. 

Mwaka huohuo wa 2016 Apple iliwapa watengenezaji wa programu mitetemo iliyo tayari: wa kufanikiwa, wa tahadhari, wa kushindwa. Inaniuma kuona wengine wakiimwaga kila mahali, kwenye kila kitufe na kila ukurasa, mpaka mkono unaacha kuisikiliza. Programu ninazozipenda hunyamaza muda mrefu, zikagonga pale tu jambo linapokamilika: namba imeshika, picha imekaa sawa na mstari, hela imetoka.