Mkono Unaoshika Taa

Kwenye kumbi za sherehe za Mpanda, wageni humtazama mwenye kamera. Mimi humtazama mwenye taa. Anafika wakati wapambaji bado wanafunga vitambaa, na kabla hajagusa begi la taa huinua macho darini. Anatafuta pa kushika: kenchi, bomba la hema, nondo ya dirisha. Huanza na hilo, na ndiyo maana namheshimu. Mwanga ukikaa vizuri, sifa huenda kwa uso wa bibi harusi na kwa aliyempamba. Kilichobeba taa hakuna anayekiuliza hadi siku kitakapoachia.

Vipimo vya kazi hii ni vichache. Pini ndogo, ile iliyo kwenye ncha ya stendi nyingi, ina unene wa inchi 5/8, karibu milimita 16. Pini kubwa ya taa nzito za studio ni kama milimita 28. Hesi za vifaa vidogo ni za robo inchi na za inchi 3/8. Dar es Salaam ukikosea adapta unaazima kwa jirani. Mpanda unasubiri mzigo ushuke kwenye basi, na harusi haisubiri. Kwa hiyo fundi makini wa huku hushika kipimo kimoja, pini ya milimita 16, na asichoweza kukioanisha nayo hakinunui hata kikiwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo jicho linapohitajika. Dukani kwa vifaa vya ujenzi kuna bolti ya spana namba 10, ambayo kwa macho ni ndugu wa skrubu ya robo inchi. Inaingia mizunguko miwili, inaanza kukwama, na anayelazimisha anang'oa meno ya tundu la taa yake. Hesi za moja ni za milimita, za nyingine ni za inchi, na hazitapatana kamwe. Mwenye ujuzi huizungusha kwa vidole viwili tu. Ikigoma, anairudisha.

Wachomeleaji wa Mpanda ni hodari, wamezoea kazi za wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kishawishi cha kuwaomba wakate pini kwenye nondo ya milimita 16 ni kikubwa. Lakini nondo ya ujenzi ina mbavu. Ikiingia kwenye kichwa cha taa inakaa juu ya mbavu hizo, na mguso unakuwa wa hapa na pale. Chuma laini cha duara, kilichochongwa mfuo ili skrubu ya kukazia ipate pa kuzama, hicho kinafaa. Mfuo huo mdogo ndio unaozuia taa isichomoke hata skrubu ikilegea kidogo.

Kuhusu klampu, ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo Manfrotto wa Italia waliisambaza duniani kote, yenye taya moja lililopinda na kitasa kirefu. Inashika bomba kuanzia milimita 13 hadi 55. Takwimu hizo si za kupamba boksi. Bomba la chuma linaloitwa la inchi moja na nusu lina karibu milimita 48 kwa nje, kwa hiyo linaingia. Linaloitwa la inchi mbili lina milimita 60, na halitaingia hata ukikaza hadi mikono iume. Kwenye mbao za mninga, ambazo misitu ya Katavi imetupa kwa wingi, klampu hiyo huhitaji kabari yake, kwa sababu taya la mviringo halitulii juu ya ubao bapa. Watu wengi hupoteza kabari wiki ya kwanza.

Kisha kuna kichwa cha stendi, zile sahani mbili za chuma zinazobana mkono wa taa. Sijaona kifaa chenye akili kiasi hiki kilichotengenezwa kwa vipande vichache hivyo. Simama ukitazama kitasa, mkono wa taa uuelekeze kulia kwako. Uzito ukivuta chini, unazungusha upande uleule unaokaza. Ukiuelekeza kushoto, kila dakika uzito unafungua kidogo, kimyakimya. Taa ya kilo 4 iliyo mita moja nje ya stendi huvuta sawa na ya kilo 8 iliyo nusu mita, basi upande wa kitasa si jambo la mazoea. Chini yake, mguu wa stendi ulio juu kuliko mingine huwekwa upande wa mzigo, na kiroba cha mchanga huning'inizwa hapo bila kugusa sakafu. Kiroba kikilala chini, sakafu ndiyo inayokibeba, na stendi haijasaidiwa kitu. Sahani hizo hazipakwi grisi. Kazi yake yote ni msuguano, na kiangazi, vumbi likishaingia, hufutwa kwa kitambaa kikavu.

Barabara ya kwenda Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, huonyesha upesi nani alichagua vizuri. Taa ndogo iliyofungwa kwenye keria ya gari kwa kiungo cha gololi chepesi huanza kuinama kabla hujafika kwa viboko. Mkono wa viungo vitatu unaokazwa kwa kishikio kimoja katikati hustahimili zaidi, mradi uwe mfupi na usikunjuliwe wote.

Kwa mwenye pesa kidogo ningeshauri stendi moja nzito badala ya tatu nyepesi, klampu mbili zinazofanana, na waya wa chuma wa usalama kwa kila taa itakayopita juu ya vichwa vya watu. Waya ufungwe kwenye kenchi yenyewe, usifungwe kwenye klampu, maana klampu ikiachia itaanguka na kila kilichofungwa juu yake.