Mgeni Mwenye Hati: Kusoma The Flame Trees of Thika Tukiwa Thika Road

Wengi wetu wa Thika na Ruiru tunalijua jina la kitabu hiki tu. Elspeth Huxley alikichapisha 1959, na 1981 runinga ya Uingereza ikakigeuza kuwa tamthilia, Hayley Mills akiigiza Tilly, mama wa mtoto anayesimulia. Wanaokisifu hukiita hadithi ya wahamiaji: familia isiyo na pesa nyingi, isiyojua kilimo, ikianza maisha ugenini. Hapo kwa neno "wahamiaji" ndipo nina shida.

Stori yenyewe inaanza 1913. Robin na Tilly wanatoka Nairobi na binti yao kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakienda kufungua shamba la kahawa Thika. Robin amenunua shamba hilo kwenye baa ya hoteli ya Norfolk. Wakifika wanakuta nyasi tupu. Nyumba inajengwa, miche inapandwa, majirani wazungu wanapendana kisirisiri, kisha vita vya 1914 vinatawanya kila mtu.

Tuseme ukweli, kitabu ni kitamu. Mtoto anaona kila kitu na hahukumu haraka, na wazazi wake wanachekwa bila huruma: baba mwenye mipango mikubwa, mama anayejaribu kila kitu. Hata wafanyakazi si vivuli. Sammy na Njombo wana heshima zao na ugomvi wao, na Njombo anapodhoofika akiamini amelaaniwa, wazungu ndio wanaoonekana hawajui kitu.

Lakini jicho la mtoto ni kinga pia. Mtoto wa miaka sita anaruhusiwa kutouliza ardhi hii ilikuwa ya nani. Mwandishi wake, aliyekuwa amevuka miaka 50, haruhusiwi. Tena Huxley alijua. Mwaka wa 1939 alishaandika Red Strangers, riwaya ya familia ya Kikuyu inayoona wazungu wakiingia. Na 1959, alipokuwa akikumbuka utoto wake, Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952 ilikuwa haijaondolewa.

Linganisha na wahamiaji wengine. Muairishi aliyekimbia njaa ya viazi iliyoanza 1845 alishuka New York akitafuta kibarua kwa wenyeji. Binamu yako aliyeenda Minnesota anapanga foleni ya makaratasi, anakesha akihudumia wazee, anajifunza kuongea ili aeleweke. Robin anafika Thika na papo hapo ni mwajiri. Nyuma yake kuna sheria ya ardhi ya 1902, iliyotoa lizi ya miaka 99. Ile ya 1915 ikapandisha hadi 999. Kuna pia kodi ya nyumba, iliyomlazimu Mkikuyu kutafuta pesa kwa kufanya kazi shambani kwa mzungu. Hata lugha, masetla walijitengenezea Kiswahili chao cha kuamrisha, Kisetla. Mgeni wa aina gani huyo?

Sisemi tukitupe kitabu. Kinaonyesha vizuri sana jinsi ardhi ya mtu inavyogeuka "nyumbani" kwa mwingine: kwa kupanda miti, kuzika mbwa, kuzoea harufu ya mvua. Mapenzi hayo ni ya kweli, na ndiyo maana yanafunika swali la umiliki kirahisi. Sisi pia hatujapona. Ruiru, mji uliotoa jina kwa kahawa ya Ruiru 11, mibuni inang'olewa kupisha fleti, na Tatu City imejengwa palipokuwa na mashamba ya kahawa. Tunauliza bei ya ploti, maji, umbali hadi barabarani. Nani alikuwa hapa kabla ya mibuni? Hilo hatuulizi.

Kwa hivyo kisome, lakini weka kando yake Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1964. Humo Ngotho anafanya kazi kwa Howlands, kwenye ardhi ya baba zake mwenyewe, na anaitunza kwa upendo uleule anaouonyesha Tilly. Tofauti ni kwamba Ngotho hana hati.