Picha za Daraja la Forth: Zasema Nini, na Zanyamaza Nini

Mtu akiliona daraja lililokwisha kujengwa huona mwisho wa kazi tu. Hupita juu yake na mzigo wake, akafika ng'ambo, asiulize lilisimamishwaje hapo ambapo zamani palikuwa na maji matupu. Twapenda leo kuzipima picha za daraja moja zilizopigwa kabla halijakwisha, tupate kujua kama zafaa kusifiwa kama zinavyosifiwa, au sivyo. Daraja lenyewe ni lile la Forth, katika nchi ya Uskoti, mahali mto Forth unapopanuka kuingia baharini, karibu na mji wa Edinburgh. Aliyezipiga picha nyingi zilizo bora ni Bwana Evelyn Carey, naye hakuwa mpiga picha wa dukani, bali alikuwa mhandisi katika kazi ile ile.

Kabla ya kuzihukumu yatupasa kukumbuka hofu iliyokuwa katika mioyo ya watu siku zile. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika tufani kubwa, daraja la mto Tay katika nchi hiyo hiyo lilivunjika wakati gari la moshi lilipokuwa likipita juu yake. Gari likaanguka majini, wala hakupona hata mmoja wa waliokuwamo. Baraza la uchunguzi liliona kwamba daraja lile halikupangwa vema, wala halikujengwa vema, wala halikutunzwa vema. Na katika uchunguzi huo zilitumika picha: wapiga picha wa mji wa Dundee waliagizwa kupiga mabaki yote, nguzo kwa nguzo, ili yawe ushahidi. Picha zile ni nzuri kwa kazi yake, lakini ni kama picha za maiti. Zatuonyesha kilichovunjika baada ya watu kufa. Mhandisi aliyelijenga la Tay ndiye aliyekuwa amepewa pia kazi ya kujenga la Forth. Akanyang'anywa, nayo ikatolewa kwa John Fowler na Benjamin Baker. Basi, watu wale hawakutakiwa kujenga tu, bali kujenga mbele ya macho ya watu waliokwisha kuogopa.

Kazi ilianza mwisho wa mwaka 1882, na daraja lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Kila moja ya nafasi zake mbili kubwa ina urefu wa futi 1,710, na minara yake yafika futi 361 juu ya maji. Ndani yake mna zaidi ya tani 50,000 za feleji, zilizoungwa kwa ribiti zipatazo 6,500,000. Lakini hesabu kubwa kama hizi hupita masikioni zisikae. Hapa ndipo picha zinapokuwa na faida.

Picha tunazozisifu sana si za mwanzo wala za mwisho, bali ni za kati, wakati minara mitatu ilipokuwa imekwisha kusimama na mikono yake kuanza kunyoshwa juu ya maji. Chini ya mikono ile hamna nguzo wala jukwaa. Mtu asiyejua atasema, "Hili litaanguka kesho." Lakini akitazama vema ataona kwamba kila mkono unaokwenda kusini una ndugu yake anayekwenda kaskazini, nao wakua pamoja. Ni jambo ambalo kila mmoja wetu amelijua tangu utoto: mchukuzi wa maji mwenye mzegazega hatii debe upande mmoja tu, hutia huku na huku, ndipo aweze kusimama. Daraja zima la Forth ni wachukuzi watatu namna hiyo waliosimama katika maji, wakinyoshana mikono hata karibu kugusana, na nafasi iliyobaki kati yao ikazibwa kwa daraja dogo. Picha ya daraja lililokwisha haifundishi hayo upesi, maana jicho hupotea katika wingi wa vyuma. Picha ya nusu ya kazi huyafundisha mara moja. Tena Carey alirudia kupiga sehemu zile zile kazi ilipokuwa ikiendelea; akizipanga picha zake kwa taratibu, mtazamaji huona feleji ikikua kama mti. Mwenzake, Philip Phillips, naye alipiga nyingi akazitoa katika kitabu. Ni kazi ya kuheshimiwa.

Iko picha moja inayopita nyingine zote kwa mafundisho, wala haina chuma hata kidogo. Wanaume wawili wameketi juu ya viti, wamenyosha mikono pande zote mbili, nao wameshika fimbo ambazo ncha zake za chini zimejizuia kwenye viti vyao. Mikono yao ya nje imefungwa kwenye marundo ya matofali. Katikati, juu ya kibao kilichoning'inizwa na fimbo za mikono yao ya ndani, ameketi mtu wa tatu, miguu yake haigusi chini. Huyo ni Kaichi Watanabe, mhandisi kijana wa Japani aliyesoma Glasgow. Baker aliutumia mfano huu katika hotuba yake London mwaka 1887, naye alitaka mtu wa mashariki aketi katikati, ili wasikilizaji wakumbuke kwamba ujuzi wa kujenga hivi ulitoka kwanza katika nchi za mashariki. Uzito wa Watanabe wavuta mikono, wagandamiza fimbo, na matofali yazuia wote wasipinduke. Mwalimu aliye na viti viwili, fimbo nne, kamba na matofali aweza kulifanya somo hili shuleni kwake. Lakini mtu wa katikati na awe mtoto mwepesi, tena kibao kisiwe juu sana.

Hata hivyo kusifu peke yake si kupima. Tuna neno juu ya picha hizi, nalo si dogo.

Waliofanya kazi pale, siku ilipokuwa nyingi zaidi, walipata 4,600. Katika picha nyingi wako, lakini wako kama siafu juu ya gogo: mtu amewekwa ili tujue ukubwa wa bomba, si ili tumjue mtu. Tena vijana waliochoma ribiti motoni na kuwarushia wenzao zikiwa nyekundu, kazi yao ilikuwa ya kwenda upesi, na mara nyingi kamera ya siku zile haikuweza kuushika mwendo. Mahali pa mkono twaona ukungu tu. Twamjua Watanabe kwa jina, kwa kuwa alikuwa mhandisi. Mamia ya waliosimama mbele ya vioo vya kamera hatuwajui kabisa.

Na wako wasioonekana kamwe. Hesabu ya kwanza iliyotolewa ilisema waliokufa katika kazi walikuwa 57. Zaidi ya miaka mia baadaye watu wapendao historia ya mahali pale walipekua vitabu vya vifo na magazeti ya zamani, wakaona kwamba walifika 73. Mashua ziliwekwa chini ya daraja kuwaokoa walioanguka majini, na kweli wengine waliokolewa. Lakini picha, zilizotuonyesha kila ubavu wa daraja, hazikutuambia kwamba hesabu ya kwanza ilipungua watu 16. Macho hayana pazia, twasema; lakini kamera inalo, na mwenye kulivuta ni yule aliyeichukua.

Labda msomaji atamtetea Carey, akisema, "Alitumwa kupiga chuma, si kuandika maombolezo." Ni kweli, nasi hatumlaumu kwa udanganyifu, hakuficha neno alilotakiwa kulisema. Twasema tu kwamba ushahidi wake ni wa kweli lakini si mzima. Kwa habari ya daraja, twaweza kumwamini kabisa. Kwa habari ya watu, yatupasa kuwauliza wengine: wale waliokaa na vitabu vya vifo wakahesabu jina kwa jina. Mwaka 2012 kumbukumbu za hao waliokufa zilisimamishwa pande zote mbili za maji. Sasa mtu akitaka kuijua kazi ya Forth sawasawa, na atazame picha za Carey, kisha asome majina hayo. Moja bila ya pili halitoshi.

Kuhusu uzuri, William Morris, mshairi na fundi wa Uingereza, alilichukia daraja hili akaliona baya mno, na Baker akamjibu kwamba hakuelewa kila sehemu ina kazi gani. Sisi twaona kwamba picha za nusu ya kazi ndizo zimwungazo mkono Baker. Ukiisha kuuona mkono ule ukikua ukiwa umetulia kwa mwenzake, huwezi tena kusema kwamba umbo lake ni la ovyo.

Mwisho, twageukia nyumbani. Katika vijiji vyetu, shule ikijengwa, au daraja la magogo, au kanisa, picha hupigwa siku ya kufungua. Wakubwa huketi mbele juu ya viti. Waliofyatua matofali na waliopanda juu ya kenchi husimama nyuma, au hawapo, maana wamekwisha kurudi mashambani. Siku hizi chombo cha kupigia picha kimo mifukoni mwa watu wengi, hivyo hatuna udhuru. Tupige picha ukuta ukiwa bado kiunoni, tuwapige wachukuzi wa maji na wakoroga udongo, tena nyuma ya kila picha tuandike majina yao, mahali, na tarehe. Carey alituachia daraja likikua, bila majina. Sisi, ambao majengo yetu ni madogo na watu wake twawajua wote, twaweza kuviacha vyote viwili.