Fundi na Hitilafu Inayojificha

Kifaa kilichokufa kabisa hakimpi fundi shida. Ruta haiwaki, adapta imeungua, unaleta adapta nyingine, unalipwa, unaondoka. Kazi inayompima fundi ni ile ya kompyuta ambayo intaneti yake ipo, inakatika, inarudi, inatulia siku mbili, halafu inakatika tena katikati ya kikao. Fundi akiitwa, anakuta kila kitu shwari. Taa zinawaka, kurasa zinafunguka, na mwenye nyumba anabaki kujitetea: wallahi, sasa hivi tu haikuwepo.

Nataka kuisifu kazi ya kuisaka hitilafu ya namna hii, hasa inapokaa kwenye waya. Wi-Fi kila mtu anaijua tabia yake. Ukuta ukiwa mnene inadhoofika, majirani wakiwa wengi inasongwa. Waya tunauchomeka ili tuondokane na mashaka hayo, na ndiyo maana unapoanza kusitasita tunachanganyikiwa zaidi. Tumeshaondoa kila cha kulaumu.

Jambo la kwanza ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni kuzima ruta na kuiwasha. Mara nyingi inasaidia, na mwenye haraka ya kazi simlaumu. Lakini anayetafuta chanzo, akizima na kuwasha kabla ya kutazama, amefuta nyayo za anayemfuata. Ruta nyingi za nyumbani hupoteza kumbukumbu zake za ndani umeme ukikatwa. Kadi ya mtandao nayo huanza upya kupatana na ruta juu ya mwendo wa mawasiliano, kwa hiyo hali ile iliyokuwepo dakika ya kukatika imekwenda. Intaneti imerudi na hakuna aliyejua ilikwenda wapi. Nimemfahamu fundi mmoja wa Tanga, binti mwenye mkoba mdogo na maneno machache, ambaye akipigiwa simu hutoa sharti moja kabla hata hajauliza nyumba iko wapi: msiguse kitu mpaka nifike.

Nilipata kumtazama akifanya kazi Chumbageni, kwa mwalimu mstaafu anayesomesha vijana hesabu kwa njia ya video.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Afadhali umefika. Mashine hii imeingiliwa."

"Inakatika saa ngapi, Mwalimu?"

"Wakati wowote ule. Haina saa."

"Haikosi kuwa na saa. Naomba daftari."

Akapiga mistari minne. Saa iliyokatika. Saa iliyorudi. Taa gani ya ruta ilizimika. Hali ya hewa. Akamkabidhi Mwalimu kalamu, akaaga, akaondoka bila kugusa waya hata mmoja. Mwalimu hakufurahi, na ninamwelewa: aliyeita fundi anataka kuona mkono ukifanya kazi. Ila alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari maisha yake yote, akaijaza karatasi ile kwa uaminifu.

Binti aliporudi, karatasi ilikuwa imeshasema nusu ya jambo. Kila mara ilikuwa taa ya tundu la kompyuta peke yake iliyozimika, nyingine zote zikiendelea kuwaka. Kwa hiyo umeme wa ruta haukuwa na neno, na kampuni inayoleta intaneti haikuwa na neno. Kisha saa. Hitilafu ilianza baada ya adhuhuri na kupungua kuelekea magharibi. Siku ya mvua haikutokea kabisa. Binti alisoma, akainua macho akatazama dari.

Hakupanda papo hapo, na hapa ndipo ninapouona ufundi wake. Fundi mwenye dhana nzuri hushawishika kuikimbilia, akabadilisha waya, kadi, tundu na ruta kwa mkupuo mmoja, na hitilafu ikiisha hatajua ni kipi kilichoiponya. Yeye aliuhamishia waya kwenye tundu jingine la ruta, basi. Mchana ikakatika. Siku iliyofuata akaiweka kando kompyuta ya Mwalimu na kuchomeka kompyuta mpakato yake kwenye waya uleule. Ikakatika tena. Hapo tundu na kompyuta vimesafishwa jina, imebaki njia iliyo kati yao. Muda wote huo alikuwa amefungua kwenye kioo ping mbili, programu ndogo inayoita anwani na kusubiri iitikiwe, moja ikiiita ruta, nyingine ikiita anwani ya mbali nje ya nchi. Zote mbili zilinyamaza kwa pamoja. Kama ruta ingeendelea kuitika na ya mbali ikanyamaza, angetafuta nje ya nyumba.

Ndani ya dari, chini ya mabati yanayopigwa na jua la Tanga, alikuta waya mbili zilizoungwa kwa kiungio cha plastiki. Aliyezileta awali alipungukiwa na urefu. Vijino vya kiungio vilikuwa vimeliwa na hewa ya chumvi, vina weusi na ukijani. Joto likipanda, plastiki na waya hutanuka, kila kimoja kwa kiasi chake, na vijino vilivyokwisha kudhoofika huachana kwa unene usioonekana kwa macho. Jioni vinapoa, vinagusana, intaneti inarudi. Akaukwangua waya kwa wembe: chini ya rangi ya shaba palikuwa peupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, ambayo ni nafuu dukani, hupitisha umeme kwa tabu kuliko shaba yenyewe, na hukatika upesi ikikunjwa. Wanaoweka viwango vya waya za mtandao hawaikubali. Akapitisha waya mpya wa shaba tupu, mmoja, bila kiungio njiani.

Waya huo unastahili kusimuliwa, maana wengi huukanyaga sebuleni bila kujua ulivyofumwa kwa akili. Ndani yake mna nyuzi nane katika jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo la kusokota mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Kelele ya umeme ikitoka nje, iwe ya mota au ya waya wa jirani, huzigusa nyuzi mbili zilizosokotwa karibu kwa kiasi kilekile. Kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyo kati ya nyuzi hizo mbili, na kilicho sawa kwa zote mbili kinajifuta. Jozi zenyewe hazisokotwi kwa mkazo mmoja. Kila moja ina mzunguko wake, ili zisiingiliane. Ndiyo maana fundi mwangalifu, akifunga kichwa cha waya, hafumui msokoto zaidi ya milimita 13. Anayefumua sentimita tano ili vidole vipate nafasi amejirahisishia kazi na kuuharibu waya mahali unapohitaji ulinzi zaidi.

Halafu kuna mpangilio wa rangi. Ule uliozoeleka huanza na nyeupe-chungwa na chungwa, hufuata nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, na kuishia nyeupe-kahawia na kahawia. Mtu anayeutazama mara ya kwanza huona kosa: kwa nini kijani itenganishwe na mwenzake, buluu zikae katikati? Nafasi ya tatu na ya sita hubeba jozi moja, na za katikati zimeachiwa jozi nyingine, urithi wa simu za zamani. Anayejifundisha mwenyewe bila mwalimu hupanga kila rangi na nyeupe yake, moja baada ya nyingine, kwa unadhifu, ncha zote mbili. Kisha anachomeka testa yenye taa nane, na taa zinawaka moja hadi nane bila kuruka. Testa inasema salama. Lakini ya tatu na ya sita sasa zinatoka kwenye jozi mbili tofauti, hazijasokotwa pamoja, na kinga ya Bell haipo. Waya mfupi unaweza kuvumilia. Mrefu utakatikakatika bila sababu inayoonekana, na mwenye testa ataapa kwamba waya wake hauna kasoro. Sijui hitilafu nyingine inayodai heshima ya macho kama hii. Chombo hakiioni, anayeujua mpangilio anaiona kwa kutazama kichwa cha waya mara moja.

Nyingine hukaa kimya kwa miaka. Mawasiliano ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu kati ya nne. Ya megabiti 1,000 hutumia zote. Uzi wa kahawia ukikatika kwenye nyumba yenye ruta ya zamani, hakuna atakayejua. Siku inaponunuliwa ruta mpya, inapatana na kompyuta kupitia jozi mbili zilizo nzima kwamba ziende kwa kasi kubwa, kisha zinapotaka kuzitumia nne zinashindwa, zinaachana, zinaanza kupatana upya. Taa inawaka, inazimika, inawaka. Lawama zote huiangukia ruta mpya, nayo mara nyingi hurudishwa dukani haina hatia.

Si kila kukatika ni kwa waya, bila shaka. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuizimisha kadi ya mtandao ili kuokoa umeme. Tangu 2010 kuna pia kiwango cha kuipumzisha kadi pale mawasiliano yanapopungua, na baadhi ya kadi huamka vibaya. Mpangilio huo ukizimwa tatizo huisha. Anwani ambayo ruta huikopesha kompyuta ina muda wake, na kwa kawaida kompyuta huomba kuongezewa nusu ya muda huo inapotimia. Kukatika kunakofuata saa kwa usahihi mkubwa hunipeleka kwenye programu. Kunakofuata jua, mvua, au mlango unaofungwa hunipeleka kwenye waya. Daftari la Mwalimu lilikuwa na thamani kwa sababu hiyo.

Ping yenyewe, chombo chepesi kuliko vyote katika kazi hii, aliiandika Mike Muuss mwezi Desemba 1983 katika maabara ya jeshi la Marekani huko Maryland, alipokuwa akihangaika na mtandao wenye tabia zisizoeleweka. Kabla ya kufariki mwaka 2000 alikuwa amesimulia kisa alichokipenda kuliko vyote kuhusu programu yake. Msimamizi mmoja wa mtandao alisumbuliwa na waya uliokuwa ukikatika na kurudi. Akaiunganisha ping na programu ya sauti, akapeleka sauti kwenye redio ya ofisini na kuipandisha mpaka mwisho wa uvumilivu wake. Mashine ikawa inapaza sauti "ping" kila sekunde. Yeye akazunguka jengo zima akitikisa vichwa vya waya, kimoja kimoja, mpaka sauti iliponyamaza. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mtu yule hakujaribu kuituliza hitilafu. Aliishika mkono akaitaka ijitokeze, na ilipojitokeza alikuwa amesimama pale pale ilipo.

Kazi hii ina uadilifu wake pia, na sehemu yake ngumu ni kusema hapa hakuna kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolala chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na nyumba nyingi za Tanzania na nchi za jirani zikajikuta na intaneti hafifu au hazina kabisa. Siku kama hiyo ruta ya nyumbani huitika, taa ya tundu huwaka, waya wa dari hauna kosa. Fundi anayeanza kwa kupima anaujua ukweli huo kwa dakika chache na kumwambia mwenyeji asubiri. Asiyepima anaweza kuuza ruta mpya mchana kutwa.

Ugumu wa fedha ni wa kweli. Fundi wetu wa mtaani hulipwa kwa alichokibadilisha. Kusubiri hakuna bei. Binti wa Tanga alitumia muda mwingi kutazama kuliko kukata na kufunga, na baada ya kupitisha waya mpya hakuchukua fedha yote. Aliiacha ping ikiendelea, akasema atarudi likishapita jua kali. Aliporudi alihesabu zilizotumwa na zilizoitikiwa, akakuta zinalingana, akachungulia tena kichwa cha waya, ndipo akapokea kilichobaki. Mwalimu alimlipa na siku za daftari. Wateja wa namna hiyo ni wachache, na bila wao mafundi wa namna hii watapungua.

Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vitoe mtihani wa vitendo ulio tofauti. Asipewe mwanafunzi waya uliokatwa, maana huo hata testa inaujibu. Apewe waya unaofanya kazi vizuri asubuhi na kuachia ukipata joto, kompyuta iliyo nzima, ruta iliyo nzima, na siku tatu. Alama chache ziende kwa kichwa cha waya kilichofungwa vizuri. Zilizobaki ziende kwa karatasi: saa gani ilikatika, taa ipi ilizimika, kipi kilibadilishwa na kwa nini hicho kabla ya kingine, na ping ilijibu nini mchana wa siku ya mwisho.