Subira ya Mwanapatholojia

Mtu mwenye kifafa amelala mzima, asubuhi anakutwa amekufa, mara nyingi kifudifudi, peke yake chumbani. Inakadiriwa kwamba kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, mmoja hufa hivi kila mwaka. Anayetakiwa kueleza sababu ni mwanapatholojia.

Huanza kwa kuuliza, kisu kikiwa bado mezani. Uso ulikuwa kwenye mto? Shuka lilikuwa na mkojo? Alianguka lini mara ya mwisho? Vidonge vilivyobaki huhesabiwa, idadi ikalinganishwa na siku aliyopewa dawa. Kisha anafungua kinywa na kukagua ulimi pembeni, kwa kuwa kifafa kikimpanda mtu, hapo ndipo anapojiuma. Akikuta alama ya meno anaipima. Asipoikuta anaandika kwamba haipo, maana wengi waliokufa hivi hawana jeraha hilo.

Mapafu huwekwa kwenye mizani. Mara nyingi ni mazito, yamejaa maji, na mwenye haraka angeishia hapo. Yeye anajua kwamba vifo vya namna nyingi huacha mapafu ya aina hiyo, kwa hiyo anauchukua moyo. Mishipa inayoulisha anaikata vipande vya milimita 3 hivi, akitazama kila tundu kama limezibwa na mafuta au damu iliyoganda. Vipande vya misuli yake vinaenda kwenye hadubini.

Ubongo ndio unaodai muda. Ukiwa mbichi ni laini kama parachichi lililoiva, kisu kingeuvuruga. Anaupima uzito, kisha anapitisha uzi chini ya mshipa ulio mbele ya shina la ubongo, anafunga ncha za uzi kwenye ndoo ya formalini ya asilimia 10, na ubongo unaning'inia juu chini bila kugusa kitako. Ukikaa chini utabonyea, na umbo lake litapotea. Unaachwa hapo wiki mbili au zaidi, hadi ukaze. Ndipo anaukata vipande vya sentimita moja na kuvipanga kwa mfuatano kwenye trei. Anatafuta uvimbe, damu, makovu ya kuanguka zamani. Hipokampasi, sehemu mbili zilizo ndani ya ubongo, anazikagua zote kwa kulinganisha, kwani kwa wenye kifafa huenda moja imesinyaa na kuwa ngumu. Hilo linaeleza kifafa kilitoka wapi. Kifo bado hakijaelezwa.

Damu ya kupima dawa na sumu anaivuta kwenye mshipa wa paja. Hachagui ile ya moyoni, kwa sababu baada ya kufa dawa huvuja kutoka ini na mapafu na kuharibu kipimo.

Mwaka 1997 daktari Lina Nashef alitoa ufafanuzi wa vifo hivi, na mwaka 2012 yeye na wenzake wakaunoa. Sababu si jeraha, si kuzama, si kifafa kilichodumu nusu saa au zaidi, si sumu, si ugonjwa mwingine uliokutwa mwilini. Kila "si" hapo imelipiwa kwa kazi niliyoieleza, na naiheshimu kuliko majibu mengi ya haraka. Mwili usipopasuliwa, kifo hakihesabiwi kwa hakika kuwa cha aina hii, hata kama mazingira yote yanaelekea huko.

Kwa nini mwili hausemi zaidi? Mwaka 2013 daktari Philippe Ryvlin na wenzake walichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa waliofia hospitalini wakiwa wameunganishwa na mashine za kurekodi. Baada ya mtukutiko wa mwili mzima, pumzi ilivurugika, ikakatika, kisha moyo ukasimama. Pumzi iliyokatika haiachi kovu la kuonekana kwa hadubini.

Ripoti hukamilika majibu yote yakishafika. Kipande cha wengu hubaki kimegandishwa kwa vipimo vya jeni: ikionekana kasoro inayovuruga mapigo ya moyo, ndugu wa marehemu huitwa kupimwa wangali hai.