Kundi Dogo Halithibitishi Baruti

Mtu akisema baruti fulani ni bora kwa kuwa Jumamosi ilimpa kundi dogo la matundu kwenye karatasi, ametoa ushahidi ulio dhaifu kuliko wote, na ufundi ninaousifu hapa unaanzia pale mtu anapolikubali jambo hilo. Ni ufundi wa wachezaji wa benchiresti, mchezo wa shabaha ambao huko Marekani umekuwa na chama chake, NBRSA, tangu 1951. Mlengaji huketi mezani, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, naye hufyatua risasi tano kwenye karatasi iliyo yadi 100 au 200 mbele yake. Hakuna anayemuuliza kama amepata katikati. Kinachopimwa ni umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Na kwa kuwa zote tano zaweza kupita katika tundu moja lililochanika kidogo tu, nyuma ya shabaha huwekwa karatasi ya pili inayosogea polepole, ili kila risasi iache alama yake peke yake. Mchezo uliolazimika kubuni ushahidi kwamba risasi zilifyatuliwa kweli una haki ya kudai ushahidi kwa kila kitu kingine, baruti ikiwemo.

Baruti yenyewe si ile nyeusi ya magobori, ambayo ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na moshi mzito. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipofaulu mwaka 1884 kutengeneza baruti isiyo na moshi kwa nitroselulosi, fundi amekuwa na namna nyingi za kuitawala kasi ya moto: umbo la punje, kitundu kinachopita katikati yake, kemikali inayopakwa juu ili moto usishike kwa pupa, grafaiti inayozifanya punje ziteleze. Kila uamuzi una gharama yake. Wachezaji wa benchiresti hujaza maganda yao palepale uwanjani, kati ya raundi na raundi, na wengi wao huipima baruti kwa ujazo, si kwa mizani. Kwa hiyo punje isiyomiminika vizuri kwenye kipimio huanza mashindano ikiwa na dosari, hata kama inaungua vizuri kuliko zote. Katika ganda fupi nene la 6 PPC, ambalo Louis Palmisano na Ferris Pindell walilibuni katika miaka ya 1970 kutokana na ganda la asili ya Kirusi, baruti iliyopendwa zaidi kwa muda mrefu ni N133 ya Vihtavuori, Ufini. Hukabiliwa na H322, LT-32, na 8208 XBR inayotengenezwa Australia. Zote ni nzuri, na hapo ndipo ugumu ulipo: kutenganisha kibaya na kizuri hakuhitaji ufundi mkubwa.

Tazama hesabu inavyosema. Chukua bunduki isiyobadilika hata kidogo, mlengaji asiyechoka na baruti ileile, ufyatue makundi mengi ya risasi tano. Kwa bahati tupu, ukubwa wa makundi hayo utapanda na kushuka kwa takriban asilimia 27 ya wastani wake. Ukitumia risasi tatu tatu, tofauti hufika kama asilimia 37. Maana yake ni kwamba bunduki ambayo wastani wake ni milimita 5 itatoa kundi la milimita 3 na nusu leo, na la milimita 6 na zaidi baada ya nusu saa, bila lolote kuharibika. Anayetaka kuwa na hakika ya kutosha kwamba baruti moja inaizidi nyingine kwa asilimia 10 atahitaji karibu makundi 60 kwa kila moja, yaani risasi 600 kwa jumla. Sasa kumbuka kwamba mtutu wa mashindano kwa kawaida huanza kupoteza ubora wake baada ya risasi elfu moja hadi elfu mbili. Ushahidi kamili unakula sehemu kubwa ya maisha ya chombo kilekile kinachochunguzwa. Rekodi nazo hazisaidii. Mwaka 1973 Mac McMillan alifyatua kundi la inchi 0.009 kwa yadi 100, chini ya robo ya milimita, na likakaa kileleni kwa miaka 40 hadi Mike Stinnett alipofika inchi 0.0077 mwaka 2013. Kama makundi hayo yangekuwa kipimo cha kawaida cha bunduki na baruti zao, yasingedumu kileleni hata mwezi mmoja. Wenyewe wangeyavunja wiki iliyofuata. Ndiyo maana ubingwa hutolewa kwa wastani wa makundi kadhaa, na kundi moja huachiwa ukuta wa kumbukumbu.

Je, basi kulinganisha baruti ni kupoteza muda? Sioni hivyo, kwa kuwa fundi mzuri hategemei ukubwa wa kundi peke yake. Huangalia umbo. Upepo wa ubavuni husukuma risasi hasa kulia na kushoto. Matundu yanayopangana juu na chini mara nyingi yanatokana na baruti, kasi isiyolingana, au jinsi mtutu unavyotetema risasi inapotoka mdomoni. Mwenye kutenganisha pande hizi mbili hupata habari zaidi kutoka kwa risasi zilezile tano. Huongeza baruti kidogo kidogo, ndani ya mipaka iliyowekwa na kiwanda, akitafuta eneo pana ambamo kuongeza au kupunguza chembe hakubadilishi kitu. Nukta moja finyu yenye kundi la ajabu humtia shaka kuliko kumfurahisha. Tena hapimi baruti ya kwanza asubuhi yote na ya pili mchana wote. Huzipokezanisha, akisafisha mtutu na kufyatua risasi chache za kuuzoesha baruti mpya kabla ya kuhesabu chochote. Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alikwisha kuonyesha njia katika kitabu chake cha 1909: ili aichunguze risasi yenyewe, alijenga nguzo ya zege ya kushikilia mtutu, akamwondoa mlengaji kabisa katika hesabu.

Wapo wanaosema kwamba inatosha kumwiga bingwa. Hoja hii ina kosa lisiloonekana haraka: ikiwa walengaji wengi sana wanatumia N133, makombe mengi yatakwenda kwa N133 hata kama haina ubora wowote wa ziada. Wengine husema baruti bora ni ile isiyojali joto, wakiisifu 8208 XBR. Hoja hii ina uzito kwa mwindaji anayejaza maganda Januari na kuyatumia Julai. Lakini kwa mtu aliye na kipimio mezani, N133 inayobadilika asubuhi ya baridi hadi mchana mkali inaweza kurekebishwa raundi kwa raundi. Na wanaoipenda huiona tabia hiyo kama kazi ya ziada wanayokubali kuifanya. Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaofunga kirekebisho kwenye mdomo wa mtutu, wakidai kwamba mtetemo unaweza kupangwa bila kugusa baruti. Nusu yake nakubali. Kirekebisho kinaweza kubadilisha mahali mdomo ulipo risasi inapotoka, lakini hakiwezi kuzifanya risasi tano zitoke kwa kasi ileile ikiwa baruti haiungui vilevile kila mara.

Na kuna jambo ambalo hakuna kifaa cha kulitatua. Kila mkupuo wa kiwanda una namba yake na kasi yake ya kuungua, tofauti kidogo na uliotangulia, ingawa kopo lina jina lilelile. Mchezaji aliyepata mkupuo unaopatana na mtutu wake hununua makopo mengi ya namba hiyo kadiri mfuko unavyoruhusu. Makopo yakikaribia kwisha, aliye makini huliweka moja kando bila kulifungua, ili mkupuo mpya upimwe dhidi ya ule wa zamani siku ileile, katika mtutu uleule, badala ya kupimwa dhidi ya kumbukumbu yake ya msimu uliopita.